MAONI YETU: CHETI CHA KITASA NI KAZI YA NANI?



Katika mkutano wa tawi uliopita alikuja kutusalimu ndugu mmoja wa kazi za chuma, naye alisimama akatupa habari iliyotunyamazisha. Kiwanda anachofanyia kazi hutengeneza bawaba, komeo na vitasa vya milango. Tajiri wake amepata mnunuzi wa ng'ambo, na mnunuzi huyo amesema hatachukua hata bawaba moja mpaka aonyeshwe vyeti vya usalama na ubora. Basi tajiri akawakusanya wafanyakazi uani akawaambia: mwaka huu msiniulize nyongeza ya mshahara, kwa sababu fedha zote zimekwenda kwa vyeti, tena atakayeharibu kazi, gharama ya chuma itakatwa katika mshahara wake. Ndugu yetu akatuuliza, je, chama kivipinge vyeti hivi?

Wengine ukumbini walipiga makofi wakasema vipingwe. Tulikuwa na haja ya kujibu pale pale, lakini saa zilikuwa zimekwisha na mwenye ukumbi alikuwa amesimama mlangoni na ufunguo mkononi, akitaka kufunga. Kwa hivyo twajibu hapa.

Wako watakaosema kwamba watu wa reli hawana haja na bawaba. Twawakumbusha ya kwamba kila behewa la abiria lina milango, na hakuna watu waliojifunza habari za milango kwa uchungu kama watu wa reli. Tutafika huko.

Kwanza tueleze cheti chenyewe, maana wengi hudhani ni karatasi ya kununuliwa tu, kama stempu ya posta. Kila chuma cha mlango kina kanuni yake yenye nambari. Kule Ulaya bawaba ina kanuni EN 1935, kitasa kina EN 12209, na kile kifaa cha juu kinachourudisha mlango ujifunge polepole kina EN 1154. Ule upau mrefu ulalao kifuani mwa mlango wa dharura, ambao mtu huusukuma kwa mwili wake mlango ukafunguka, una EN 1125. Marekani nao wana kanuni zao za ANSI na BHMA zinazoanza na A156, na kwa mambo ya moto wana UL 10C. Mwenye kiwanda akitaka kuuza huko hana njia ya mkato. Chuma chake hupelekwa katika maabara wakakitesa.

Na mateso hayo yana maana. Tuchukue ule upau wa mlango wa dharura. Mlango ukiwa hauegemewi na kitu, upau sharti ufungue kwa nguvu isiyozidi nyutoni 80, yaani kama uzito wa kilo 8, ambao hata mtoto wa shule auweza. Kisha huusukuma mlango kwa nyuma kwa nguvu ya nyutoni 1,000, karibu uzito wa kilo 100, mfano wa watu waliojaa nyuma yako kwa hofu. Hapo upau sharti ukubali kwa nyutoni 220, wala usizidi. Aliyeandika kipimo hiki alikuwa akimwaza mtu aliyebanwa mlangoni na wenzake, hawezi kuinua mkono wala kutafuta ufunguo, hana kitu ila kifua chake.

Baadaye huja kuhesabu. Upau wa daraja ya juu hufunguliwa na kufungwa na mashine mara 200,000. Kifaa cha kurudisha mlango hufanyiwa hivyo mara 500,000. Bawaba ya daraja la kwanza huko Marekani huenda mara 2,500,000. Sisi tuliofundishwa hesabu na waalimu wa misheni kwa fimbo twaweza kuona maana yake: mlango wa stesheni ukifunguliwa mara 500 kila siku, upau ule utafikia hesabu yake kwa siku 400, na bawaba ile kwa siku 5,000, zaidi ya miaka 13.

Tena kuna chumvi. Chuma huwekwa katika sanduku lenye mvuke wa maji ya chumvi, saa 96 kwa daraja la tatu, saa 240 kwa daraja la nne, kisha hutazamwa kama kutu imekila. Ndugu zetu wa Mombasa hawahitaji kuelezwa kwa nini. Komeo la bei nafuu likitiwa katika mlango wa Kilindini leo, baada ya masika mawili hulifungui bila nyundo.

Mwisho ni moto, na hapa ndipo tajiri mwenye tamaa hushikwa. Kitasa na bawaba hazipimwi peke yake. Hutiwa katika mlango wao, na mlango mzima ukasimamishwa mbele ya tanuri. Katika dakika ya 30 tanuri hilo lafikia joto la digrii 842. Zinki huyeyuka kwa digrii 419, na aluminiamu kwa digrii 660. Basi mtu akitengeneza kwa zinki kipande ambacho kingekuwa cha chuma cha pua, akakipaka rangi ing'aayo ya fedha, dukani huwezi kuvitambua. Motoni utavitambua baada ya dakika chache, maana mlango utaanguka na moshi utaingia katika ngazi wanakokimbilia watu. London, mwaka 2017, jengo la Grenfell liliungua wakafa watu 72. Polisi walipoupeleka mlango mmoja wa nyumba ya humo kupimwa, mlango uliopaswa kuzuia moto dakika 30 ulishika kama dakika 15 tu.

Baada ya maabara kuridhika kazi haijaisha. Kwa vifaa vya milango ya dharura na ya moto, kanuni za Ulaya hutaka chombo kilichokubaliwa kikague kiwanda chenyewe na kurudi mara kwa mara. Wamarekani wa UL hutuma mtu bila kupiga hodi. Watataka kuona daftari: chuma kilitoka wapi, siku gani, nani alipima, kipimo chake kilisahihishwa lini. Mtu wa karakana ya reli hawezi kushangaa. Nasi tuna vipimo vya magurudumu, na gurudumu lisilopita katika kipimo haliendi njiani hata kama treni imechelewa na mkubwa anapiga kelele.

Sasa tuje kwenye sababu ya kanuni hizi, na tuanze na reli kama tulivyoahidi.

Tarehe 8 Mei 1842, treni iliyokuwa ikirudi Paris kutoka Versailles ilivunjika ekseli ya injini karibu na Meudon. Injini ikaanguka, mabehewa yakaipanda, moto ukashika. Wakati ule ilikuwa desturi kuwafungia abiria kwa ufunguo ili wasishuke ovyo njiani. Wakaungua ndani zaidi ya watu 50. Baada ya siku hiyo Wafaransa waliacha kuwafungia abiria.

Lakini si wote waliosikia. Tarehe 12 Juni 1889, kule Armagh katika Ayalandi, watoto wa shule ya Jumapili na wazazi wao walipanda treni kwenda kutembea pwani. Milango ilifungwa kwa ufunguo ili asiingie mtu asiye na tikiti. Mlima ukaishinda injini. Wakaamua kuikata treni vipande viwili, wapeleke nusu ya mbele kwanza, na nusu ya nyuma wakaiwekea mawe chini ya magurudumu, kwa sababu breki ya gadi peke yake haikutosha. Mafundi wa breki watakaosoma haya watatikisa vichwa. Wakati injini ilipojiandaa kuondoka ilirudi nyuma kidogo, ikayagusa mabehewa, mawe yakapondeka, na mabehewa yale yakateremka mlima yakazidi mwendo mpaka yakagongana na treni nyingine iliyokuwa ikija. Walikufa watu 80. Fikirini waliokuwa ndani: waliona miti ikipita kwa kasi zaidi na zaidi, nao walijua kinachokuja, na milango imefungwa. Mwaka ule ule Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya breki ya kushika mabehewa yote ya abiria. Breki hiyo hata leo humlinda abiria na mfanyakazi wa reli, nayo ililipiwa na watoto wa Armagh.

Nje ya reli mambo ni yale yale. Sunderland, Uingereza, tarehe 16 Juni 1883, watoto walikimbilia chini kupokea zawadi baada ya michezo, wakakuta mlango umetiwa komeo ukaachwa nafasi ya kupita mtoto mmoja mmoja; walisongamana wakafa 183. Baada ya msiba huo Mwingereza Robert Briggs alibuni komeo la kusukuma, akapata hati yake mwaka 1892. Chicago, tarehe 30 Desemba 1903, ukumbi wa Iroquois uliwaka moto, wakafa watu 602. Jumba lilikuwa jipya, halijafika hata wiki sita tangu lifunguliwe, na baadhi ya milango ilikuwa na makomeo ambayo watu hawakujua jinsi ya kuyafungua. Mtu mmoja, Carl Prinzler, muuza vyuma wa Indianapolis, alikuwa na nia ya kwenda kutazama mchezo ule siku hiyo lakini shughuli zikamzuia. Yeye na wenzake ndio waliotoa upau wa kusukuma mwaka 1908 uliosambaa Marekani yote. Kwa hivyo mtu asituambie ya kwamba Wazungu wamebuni kanuni hizi ili kutuzuia tusiuze. Huenda wako wanaozitumia hivyo, hatukatai, lakini zilianza kwa maiti.

Na maiti wa wafanyakazi wamo. New York, tarehe 25 Machi 1911, kiwanda cha nguo cha Triangle kilishika moto. Mlango mmoja wa ghorofa ya tisa ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, kwa kuwa wenye kiwanda walitaka wafanyakazi watoke kwa mlango mmoja tu, wakapekuliwe mifuko wasiibe vitambaa. Walikufa 146, wengi wao wasichana. Wenye kiwanda walishtakiwa wakaachiliwa. Miaka tisini baadaye, kwetu hapa, usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi 2001, watoto wetu 67 waliungua katika bweni la shule ya Kyanguli, Machakos. Mlango mmoja ulikuwa na kufuli, na madirisha yalikuwa na vyuma. Hatuna haja ya kusema zaidi juu ya hilo. Wako wazazi kati ya wasomaji wetu.

Kwa hivyo jibu letu kwa ndugu wa kazi za chuma ni kwamba chama kisivipinge vyeti. Lakini hatumwambii pia aviamini kwa macho yaliyofumbwa, kwa sababu tunajua habari ya Karachi.

Tarehe 11 Septemba 2012 kiwanda cha nguo cha Ali Enterprises katika mji huo wa Pakistani kiliungua, wakafa zaidi ya watu 250. Madirisha yalikuwa na vyuma na milango ilikuwa imefungwa. Sasa sikilizeni: wiki chache tu kabla ya moto ule, kiwanda kilikuwa kimepewa cheti cha kimataifa kiitwacho SA8000, kinachoshuhudia ya kwamba mahali pa kazi pana usalama na haki. Mwaka 2020 mahakama iliwahukumu watu kwa kosa la kutia moto ule makusudi. Hayo ni ya mahakama. Lakini aliyetia moto siye aliyefunga milango, na aliyetoa cheti hakuisukuma.

Tunauliza, ni nani angejua ya kwamba milango ile hufungwa? Mkaguzi huja siku moja, hunywa chai ofisini, huonyeshwa daftari safi. Aliyejua ni yule aliyekuwa akifungiwa kila siku. Naye hakuulizwa, au aliulizwa mbele ya nyapara wake, na mwenye akili hajibu swali mbele ya nyapara.

Hili ndilo neno letu kubwa katika toleo hili. Cheti kina kweli ikiwa mfanyakazi ana haki ya kusema hapana na mshahara wake usiguswe.

Mtazame kazi yenyewe inavyokwenda. Kiwanda hupeleka maabara mfano mmoja uliotengenezwa na fundi mzuri kuliko wote, kwa chuma kizuri kuliko vyote, bila haraka. Mfano ule hufaulu. Kisha amri kubwa hufika, makontena mawili, na chuma cha bei nafuu huletwa usiku. Springi hubadilishwa. Skrubu iliyokuwa ndefu yawa fupi. Kipande kilichopigwa kwa chuma chatengenezwa kwa kumimina zinki. Alama ya cheti hupigwa juu yake vile vile. Mkaguzi hawezi kujua mpaka miezi mingi ipite, lakini mtu wa mashine ya kukatia hujua siku ile ile, kwa mlio tu. Mwenye kung'arisha hujua kwa uzito mkononi. Hao ndio wakaguzi wa kweli, na kiwanda huwalipa kwa kipande. Mtu alipwaye kwa kipande akikataa kitasa kibovu, amejikata chakula cha watoto. Naye akikatwa fedha kwa kila kilichoharibika, atakificha katikati ya sanduku. Nani angefanya vingine?

Basi tajiri yule aliyesema atawakata wanaoharibu kazi amejichimbia shimo mwenyewe. Ametoa fedha nyingi apate cheti, kisha akaweka kanuni itakayowafundisha watu wake kuficha makosa. Tungekuwa rafiki zake tungemwambia hivyo. Kwa kuwa hatukualikwa chai, twamwandikia.

Twawashauri ndugu zetu wa kazi za chuma wayadai mambo haya watakapoketi na waajiri. Kukagua kuhesabiwe kuwa kazi yenye mshahara, kwa saa, wala kusiwe jambo la kufanywa kati ya kipande na kipande. Kipande kilichokataliwa kisikatwe kwa mtu, ila kiandikwe daftarini na sababu yake itafutwe; mara nyingi itaonekana ni mashine iliyochakaa au chuma kibaya, wala si mkono wa fundi. Mkaguzi wa nje akija azungumze na mwakilishi wa wafanyakazi faraghani. Na juu ya ile nyongeza: mwenye kiwanda atapata bei nzuri zaidi kwa chuma chenye cheti, hiyo ndiyo sababu anakitafuta. Mzigo wa kukipata ukigawiwa kwa wafanyakazi, faida yake nayo igawiwe. Aonyeshe hesabu zake mezani.

Liko jambo jingine ambalo kanuni za vitasa hazilisemi. Kanuni hupima kitasa, hazimpimi aliyekipaka. Ule mng'ao wa kromu hupatikana kwa kutumbukiza chuma katika birika la dawa, na mvuke wa dawa hiyo huleta saratani ya mapafu na hutoboa pua ya mwenye kusimama hapo miaka mingi. Ulaya yenyewe, tangu Septemba 2017, hairuhusu dawa hiyo kutumika viwandani mwake bila idhini maalumu. Lakini kitasa kilichopakwa kwa dawa hiyo kwingineko, juu ya birika lisilo na feni ya kuvuta mvuke, chaweza kufaulu vipimo vyote vya chumvi na moto na kupokelewa. Mnunuzi atapata mlango salama. Fundi wetu atapata kikohozi. Twawaambia ndugu zetu wa idara ya kupaka: wakati mkubwa anapotafuta fedha za cheti, huo ndio wakati wa kudai feni, glavu na uchunguzi wa daktari, kwa maana sasa ana haja nanyi, na hataki kelele siku ya ukaguzi.

Wengine wametuuliza juu ya mafundi wa jua kali, kwamba kanuni hizi zitawafukuza sokoni. Hofu hiyo ina msingi, kwa maana vipimo vya maabara za ng'ambo vina gharama kubwa na fundi wa kibanda hawezi. Lakini komeo halina lazima ya kuanzia Ulaya. Shirika letu la kutathmini ubora wa bidhaa, KEBS, limekuwako tangu mwaka 1974, nalo hutoa alama ya ubora kwa bidhaa za hapa. Tena sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2006 inasema ya kwamba bidhaa yenye alama ya ubora ya nchi mwanachama ikubaliwe katika nchi nyingine za Jumuiya bila kupimwa upya. Hiyo ndiyo sheria. Madereva wa malori wanaolala Malaba wana masimulizi yao, na wasomaji wetu wa stesheni ile wanayajua. Hata hivyo mafundi kumi wakiungana katika chama cha ushirika, wakanunua vipimo vyao na kuomba alama moja, wako mahali pema kuliko fundi kumi kila mmoja na nyundo yake. Hili tutaliandika kwa urefu siku nyingine.

Tumebakisha jambo lililo karibu zaidi na sisi wenyewe. Wengi wetu tunafanya kazi ndani ya milango ambayo haiwezi kufaulu kipimo hata kimoja kati ya hivi. Miaka michache iliyopita baadhi yetu tulipanga magunia usiku katika ghala moja, hatulitaji. Mlinzi alifunga kufuli kwa nje kwa amri ya mkubwa, ili mali isitoke. Karibu na saa nane usiku taa moja ilitoa cheche juu ya magunia. Cheche ilizimika yenyewe, Mungu ni mwema. Tukaita mlinzi asijibu. Alikuwa amekwenda kutafuta chai, na ufunguo umo katika koti lake. Tulikaa dakika arobaini tukitazama taa ile, watu kumi na mmoja, hakuna aliyesema neno. Aliporudi hatukumpiga, ingawa wako waliotaka, maana naye alikuwa mfanyakazi kama sisi na amri haikuwa yake.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 iko upande wetu. Mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi, mwenye kazi sharti aunde kamati ya usalama yenye wawakilishi wa wafanyakazi ndani yake. Mlango wa dharura kufunguka kwa urahisi kutoka ndani wakati watu wamo si ombi la hisani. Na tajiri anayeogopa wizi aweke mlinzi, au kengele ilie mlango ukifunguliwa. Kengele hizo zipo na hutiwa katika upau ule ule wa kusukuma. Asitulinde sisi kwa kufuli kana kwamba sisi ndio magunia.

Kwa hivyo kila katibu wa tawi anaombwa kufanya hivi kabla ya mkutano ujao. Apite na mjumbe wa kamati ya usalama katika karakana, maghala, stoo na mabweni ya watu wetu. Ausukume kila mlango kwa ndani, kwa mkono mmoja, wakati wa kazi na wakati wa zamu ya usiku, kwa sababu mlango ulio wazi mchana waweza kufungwa usiku. Aandike mlango gani haukufunguka, ulifungwa kwa nini, nani ana ufunguo, na kama kitasa au bawaba ina alama yo yote ya ubora, aiandike alama hiyo kama ilivyo. Asiandike majina ya walinzi. Karatasi zipelekwe kwa Katibu Mkuu mikononi, si kwa kupitia ofisi ya mkubwa.

Ndugu wa kazi za chuma atakuja tena katika mkutano huo, na ametuahidi kuleta upau mmoja na bawaba mbili tuzishike kwa mikono yetu. Mwenye ukumbi tumekwisha kumwomba saa moja zaidi. Tumemwomba pia auache mlango wa nyuma wazi.